Usafiri mjini Hue, Vietnam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wageni

Hue ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa ukoo wa Nguyen kuanzia 1802 hadi 1945, na tangu 1993 majengo yake ya kifalme yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mgeni anayekuja hapa husumbuliwa zaidi na umbali kuliko bei. Kasri liko upande mmoja wa mto, hoteli upande wa pili, na makaburi ya wafalme yamejificha vilimani nje ya mji. Hakuna chombo kimoja kinachofaa kote huko. Majibu haya yanakusaidia kujua lini utembee, lini upande na lini umwambie dereva akusubiri.

Mji umekaaje?

Shika mto kwanza, mengine yatajipanga. Mto Huong, ambao wageni wengi wanaujua kama Mto wa Manukato, unaukata mji katikati. Kaskazini kuna ngome kuu yenye kuta za mzunguko wa kilomita 10 hivi, na ndani yake ndimo lilimo kasri. Soko kubwa la Dong Ba liko upande huohuo, nje kidogo ya ukuta. Kusini kuna mtaa wa Le Loi unaofuata ukingo wa mto, na nyuma yake ndiko ziliko hoteli nyingi, migahawa na maduka ya kukodisha baiskeli. Stesheni ya treni iko mwisho wa magharibi wa Le Loi. Ukipanda juu ya mto, upande wa kaskazini utakutana na pagoda ya Thien Mu, hekalu la Kibudha lenye mnara, kisha vilima vya makaburi ya wafalme.

Ukichagua malazi karibu na Le Loi, sehemu kubwa ya mji utaifikia bila kulipa nauli yoyote.

Nikitua uwanja wa ndege wa Phu Bai, nafikaje mjini?

Uwanja uko kilomita 15 hivi kusini-mashariki mwa mji, mwendo wa nusu saa kwa gari. Ukitoka nje ya jengo utakuta teksi zenye mita, na gari la kuita kwa programu ya simu linapatikana pia. Hoteli nyingi hutuma gari ukiwaandikia mapema, na kwa ndege ya usiku njia hii inafaa kuliko zote hata kama utaongeza pesa kidogo. Mtu akikufuata ndani ya ukumbi akikuita "teksi, teksi", mshukuru na uende kwenye foleni ya magari nje.

Ndege za Phu Bai si nyingi. Wasafiri wengi hutua Da Nang, umbali wa kilomita 100 hivi, kisha humalizia kwa treni, basi au gari. Usiione kama hasara, kwa sababu njia ya kati ya miji hii miwili ni miongoni mwa nzuri kabisa Vietnam. Tutaifikia huko chini.

Teksi ya mita au ya kuita kwa simu?

Zote mbili ni nzuri. Programu ya Grab inafanya kazi Hue, kwa gari na kwa pikipiki, na nauli unaiona kabla hujathibitisha safari. Teksi za umeme za Xanh SM nazo zina programu yake. Kwa za barabarani, Mai Linh, zile za rangi ya kijani, ni kampuni ya miaka mingi inayofahamika nchi nzima. Hakikisha mita imewashwa gari linapoondoka.

Jambo moja lifanye ukiwa bado nyumbani: pakua programu na uisajili kwa namba yako ya kawaida. Namba ya siri ya usajili huja kwa ujumbe mfupi, na watu wengi hukwama uwanja wa ndege kwa sababu laini ya nyumbani imezimwa au haipokei ujumbe ng'ambo. Kadi ya benki si lazima. Unaweza kuchagua kulipa taslimu na ukamlipa dereva mkononi.

Madereva wengi hawazungumzi Kiingereza, kwa hiyo usitegemee kuelewana kwa simu. Weka alama ya mahali ulipo sawasawa, simama mbele ya kitu kinachoonekana, kisha linganisha namba ya gari na ile iliyo kwenye simu. Unapokwenda mahali pa mbali, mwonyeshe dereva jina lililoandikwa kwa Kivietnamu na alama zake zote, mfano Lăng Minh Mạng au Chùa Thiên Mụ. Matamshi yetu ya majina haya huwa mbali sana na yao, maandishi hayakosei.

Sifuri za pesa zao zinanichanganya. Nifanyeje?

Zinachanganya kila mtu siku za mwanzo. Dereva akisema "hamsini" ana maana ya dong 50,000, na kwenye vibao utaona 50k. Noti mbili zitazame kwa makini: ya 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya bluu, na usiku, ukiwa umechoka kwenye kiti cha nyuma, ni rahisi kutoa moja badala ya nyingine. Noti za laki tano ziweke mfuko wa peke yake. Beba chenji ndogo ndogo kila siku. Mwendesha pikipiki hana wajibu wa kukutafutia chenji ya laki tano kwa safari ya 20,000.

Kupatana bei, tumia kikokotoo cha simu. Andika tarakimu, mwonyeshe, naye aandike yake. Mkikubaliana, kila mmoja anajua alichokubali.

Naweza kutembea kwa miguu tu?

Katikati ya mji, ndiyo, na ningependa utembee. Kutoka hoteli za kusini hadi Ngo Mon, lango kuu la kasri, ni kama kilomita mbili kwa kupitia daraja la Trang Tien. Daraja hili la chuma lilikamilika 1899, lina urefu wa mita 400 hivi na njia za waendao kwa miguu pembeni. Jioni hupigwa taa za rangi, na wenyeji wenyewe huja kupunga upepo. Chini yake, ukingo wa kusini, kuna njia ya mbao juu ya maji ambayo haipiti chombo chochote.

Ndani ya kasri jiandae kwa mwendo mrefu. Wengi huingia Ngo Mon, upande wa kusini, lakini hutokea lango la pembeni, mara nyingi Hien Nhon upande wa mashariki. Kama umeacha baiskeli mbele ya Ngo Mon, hesabu safari ya kuzunguka ukuta kuirudia, na Juni mchana hiyo si safari ndogo.

Na kuvuka barabara?

Pikipiki hazitasimama kukusubiri, zitakuzunguka. Mbinu ya wenyeji ni kushuka barabarani nafasi ikiwa nzuri, kisha kwenda taratibu, kwa mwendo uleule, bila kukimbia, bila kusita katikati na bila kurudi nyuma. Mwenye pikipiki anasoma mwendo wako na kuamua apite mbele au nyuma yako. Ukibadili ghafla, umemharibia hesabu. Magari na mabasi ni habari nyingine: hayo yasubiri yapite.

Kwa sisi tunaotoka Tanzania, Kenya na Uganda kuna hatari ya ziada, kwani Vietnam magari hukaa kulia. Shingo yetu imezoea kugeuka kulia kwanza. Hapo geukia kushoto kwanza, halafu angalia pande zote, maana pikipiki chache hupita kinyume karibu na ukingo. Wa Rwanda, Burundi na Congo hili mnalo tayari.

Baiskeli inafaa?

Kwa maoni yangu, Hue ni mji wa baiskeli. Ardhi ya mjini ni tambarare, mitaa ya ndani ya ngome ina vivuli na magari machache, na nyumba nyingi za wageni hukodisha baiskeli kwa bei ndogo, nyingine huzitoa bure. Kabla ya kuondoka jaribu breki zote mbili, pandisha kiti, na uombe kufuli.

Kwa nusu siku, nenda daraja la Thanh Toan. Ni daraja dogo la mbao lenye paa la vigae, lililojengwa 1776, kilomita nane hivi mashariki mwa mji. Ukishatoka barabara kubwa unaingia kwenye njia za saruji kati ya mashamba ya mpunga: bata wanaogelea mifereji, bibi mwenye kofia ya majani anageuza mpunga ulioanikwa kando ya njia, watoto wanapaza sauti ya "hello" kisha wanajificha. Darajani, wazee wa kijiji hulala mchana kwenye mabenchi ya mbao yaliyo chini ya paa, maana upepo wa mfereji unapita hapo. Kaa nao kidogo kabla ya kupiga picha.

Safari ya pili nzuri ni Thien Mu, kwa kufuata ukingo wa kaskazini, karibu nusu saa tu. Mnara wake wa ghorofa saba ulijengwa 1844. Nyuma ya bustani limehifadhiwa gari la bluu aina ya Austin, lililompeleka mtawa Thich Quang Duc kwenye njia panda ya Saigon tarehe 11 Juni 1963, alikojichoma moto kupinga kuonewa kwa Wabudha. Wengi hupita hapo haraka wakikimbilia picha za mto. Simama.

Kuegesha kuna utaratibu wake. Karibu na sokoni na kwenye vivutio utaona mlinzi amekaa kivulini. Anakupa kikaratasi chenye namba, na mara nyingine anaandika namba hiyohiyo kwa chaki juu ya kiti. Unalipa dong elfu chache. Kikaratasi kitunze vizuri, ndicho kinachothibitisha kuwa chombo ni chako.

Mei hadi Agosti jua ni kali kwelikweli. Ondoka alfajiri, uwe umerudi kabla ya saa nne asubuhi.

Nikodi pikipiki niendeshe mwenyewe?

Ikiwa una leseni inayotambuliwa na umezoea kuendesha, ni uhuru mkubwa. Ikiwa huna, usikodi, hata kama mwenye duka anakuambia hakuna shida. Yeye hataulizwa, utaulizwa wewe.

Leseni ya kimataifa inayotambuliwa Vietnam ni ile ya Mkataba wa Vienna wa 1968, nayo lazima iambatane na leseni ya nchi yako yenye daraja la pikipiki. Ile ya mkataba wa zamani wa 1949 haikubaliki. Vijitabu vyake vinafanana, kwa hiyo soma kimeandikwa mkataba upi kabla hujasafiri. Polisi ni sehemu moja tu ya tatizo. Kubwa zaidi ni bima: ukianguka huku leseni yako si halali nchini humo, kampuni nyingi za bima ya safari hukataa kulipa, na bili ya hospitali inabaki kwa familia yako.

Kofia ngumu ni lazima kwa dereva na abiria tangu Desemba 2007. Kuhusu pombe, tangu 2020 kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri. Si chupa moja, ni sifuri.

Je, bodaboda zipo?

Zipo, na kwa safari fupi ndizo za haraka na nafuu kuliko vyote. Wenyeji huziita *xe ôm*. Ukiita kwa Grab bei inajulikana; ukimchukua wa kijiweni, patana kwanza. Dereva atakupa kofia. Ifunge kidevuni, na ikiwa haifungi, omba nyingine au shuka.

Madereva wengi wa pikipiki hukubali pia kukodiwa kwa siku nzima. Kwa msafiri aliye peke yake, asiye na leseni na anayetaka kuzunguka makaburi, hakuna mpango mzuri kuliko huu.

Xich lo ni nini, na wanalipisha kiasi gani?

Ni baiskeli ya miguu mitatu ya kubeba abiria. Ukiwahi kuona guta la Dar es Salaam lenye sanduku la mizigo mbele, basi hapo penye mizigo ndipo unapokaa wewe, na mwendeshaji anakanyaga pedali nyuma yako. Mwendo wake wa taratibu unafaa sana mitaa ya ndani ya ngome, ambako kuna mabwawa ya yungiyungi na nyumba za bustani usizoziona kutoka barabara kubwa.

Malalamiko mengi ya wageni yanatoka hapa, na karibu yote yana chanzo kimoja: bei haikuelezwa mpaka mwisho. Kabla hujakaa, andikeni mambo manne: jumla ya pesa, ni kwa chombo au kwa kila mtu, muda gani, na kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi. Na ukishakubali bei, ilipe kwa moyo mweupe. Wengi wa waendeshaji hawa ni watu wazima, kazi ni ya misuli, na daraja lina mwinuko. Akishuka kusukuma, shuka nawe utembee hatua chache. Utaona anavyofurahi.

Makaburi ya wafalme niyafikeje?

Hapa ndipo mpango unahitajika. Yanayotembelewa zaidi ni matatu. La Tu Duc ndilo la karibu, kilomita sita au saba hivi kutoka katikati. La Khai Dinh liko kama kilomita kumi, na la Minh Mang ni mbele kidogo, ng'ambo ya magharibi ya mto.

Wawili au zaidi, kodini gari na dereva kwa siku. Aliye peke yake achukue pikipiki na dereva. Teksi ya kuita kwa simu itakupeleka bila taabu, tatizo ni kurudi: ukiwa Minh Mang alasiri unaweza kuitazama simu muda mrefu bila gari kutokea. Kwa hiyo mwambie dereva wa asubuhi akusubiri, mkubaliane malipo ya kusubiri, na mlipe mwisho wa safari.

Ningeanza na lililo mbali. Fika Minh Mang yanapofunguliwa asubuhi, karibu saa moja, wakati bado kuna ubaridi. Lilijengwa 1840 hadi 1843, na kila kitu kimepangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka: malango, nyua, madaraja, ziwa, mpaka kilima cha kaburi lenyewe. Uzuri wake unautaka ukimya. Kisha Khai Dinh, lenye ngazi 127 na kuta za ndani zilizopambwa kwa vipande vya kaure na vioo. Mwenye magoti mabovu apange nguvu zake. Malizia Tu Duc, ambako mfalme mwenyewe alikuwa akija kupumzika na kutunga mashairi wakati wa uhai wake, na ambako kuna miti mikubwa ya kivuli kwa saa za joto.

Safari za kundi zinazopachika makaburi matatu, kasri, pagoda na boti katika siku moja ni rahisi kwa bei, lakini kila mahali utasikia "dakika arobaini". Ukimudu siku mbili, ziweke mbili.

Boti za mtoni zinafaa kama usafiri?

Boti zenye vichwa vya joka huondoka gati la Toa Kham, mtaa wa Le Loi. Kwa mwendo haziwezi kushindana na gari. Kwa kuuona mji, hazina mshindani. Safari ya kwenda Thien Mu ndiyo ya kawaida, na ukikodi boti nzima unaweza kupanda mpaka hekalu la Hon Chen na gati la kaburi la Minh Mang. Mpango ninaoupenda ni kwenda Thien Mu kwa boti na kurudi kwa gari au xich lo.

Ndani kuna viti vya plastiki, na mara nyingi ni mume anayeshika usukani huku mke akitandaza nguo na picha za kuuza. Kununua si lazima, kataa kwa tabasamu. Vaa koti la kuokolea, usingoje kuambiwa. Jioni zipo boti za muziki wa Ca Hue, uimbaji wa kale wa mji huu.

Mabasi ya mjini je?

Yapo na nauli yake ni nafuu sana, ila kwa mgeni wa siku mbili hayasaidii kwa mengi, maana hayafiki milangoni mwa makaburi. Mabasi ya mbali kwenda kusini huondoka stendi ya Kusini, na ya kaskazini huondoka stendi ya Kaskazini. Uliza ni ipi kabla ya kuita teksi, ziko pande tofauti za mji.

Kwenda Da Nang au Hoi An, treni au barabara?

Treni. Ni saa mbili na nusu hadi tatu, na reli inapanda mlima wa Hai Van ikiukumbatia ukingo: upande mmoja msitu, upande mwingine bahari chini kabisa, na vijifukwe vya mchanga ambavyo barabara haivifikii. Ukielekea kusini, omba kiti cha kushoto. Tangu Machi 2024 kuna pia treni maalumu ya watalii kati ya Hue na Da Nang. Hoi An haina stesheni. Ukishuka Da Nang unamalizia kilomita 30 hivi kwa gari.

Basi hupita handaki la zaidi ya kilomita sita lililofunguliwa 2005. Linaokoa muda, lakini mlima huuoni. Anayetaka barabara na mandhari akodi gari lipite juu ya kilele, asimame ghuba ya Lang Co na lango la kale la Hai Van Quan, lililojengwa 1826.

Mvua zinaathiri usafiri?

Sana, hasa Oktoba hadi Desemba. Mto Huong hufurika, boti husimamishwa, mitaa ya ukingoni huingia maji, na reli ya Hai Van huweza kufungwa. Ukija miezi hiyo, usipange ndege ya kimataifa siku ileile unayotoka Hue. Acha usiku mmoja katikati, ulale Da Nang au Hanoi. Nunua makoti ya mvua ya plastiki yanayouzwa kila duka. Mwavuli kwenye pikipiki ni hatari.

Nasafiri na watoto, au na mzazi mzee. Nijipange vipi?

Kwa watoto wadogo, kiti cha gari cha mtoto hakipatikani kwenye teksi, kwa hiyo kodi gari la hoteli na uulize mapema, au beba chako. Njia za kando ya barabara mara nyingi zimejaa pikipiki zilizoegeshwa, kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu hupita kwa taabu. Kwa mzee, xich lo ndani ya ngome na boti mtoni ni raha tupu, na vigari vya umeme vinapatikana eneo la kasri. Makaburi achague Tu Duc. La Khai Dinh ni ngazi tangu mlango wa kwanza.